Sala ya Baba, Dua za Mtaa

Kati ya Kariakoo na mitaa iliyoitwa Uhindini umelala uwanja wa Mnazi Mmoja. Serikali ya kikoloni iliuacha wazi kwa makusudi, uwe kitenganishi baina ya makazi ya Waafrika na ya wengineo. Kando ya uwanja huo, katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, ndiko TANU ilikozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata rais wa chama hicho, Julius Kambarage Nyerere, aliacha ualimu katika shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, akaingia mjini na kupokewa nyumbani kwa Abdulwahid Sykes.

Mtaa aliouingia ulikuwa wa adhana na maulidi. Mgeni alikuwa Mkatoliki, aliyebatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943. Wazee wa Kiislamu walimwombea dua hadharani, naye akazipokea kwa heshima. Dini yake hakuificha, wala hakuifanya bendera. Hapo mtu aweza kuona namna ya uchaji ambayo haihitaji kupaza sauti ili ijulikane ipo.

Kabla ya kuitwa Baba wa Taifa alikuwa baba wa watoto. Alifunga ndoa na Maria Gabriel mwaka 1953, na nyumba yao ikawa nyumba ya sala. Alipokuwa Rais, waumini wa Parokia ya Mtakatifu Petro, Oysterbay, walizoea kumwona asubuhi kwenye Misa, siku ambazo si Jumapili wala sikukuu. Ikulu ina njia nyingi za kumfanya mtu ajione mkubwa. Kupiga magoti kila siku miongoni mwa watu ni dawa ya ukubwa huo.

Wapenzi wa ushairi wanayo shahada nyingine ya sala yake. Baada ya kung'atuka, Mwalimu alikaa akazitunga Injili zote nne na Matendo ya Mitume katika tenzi, zikachapwa na Wabenediktini wa Ndanda-Peramiho mwaka 1996. Mathias Mnyampala, Mkatoliki wa Ugogo, alikwisha kumtangulia kwa *Utenzi wa Enjili Takatifu* mwaka 1963. Lakini chombo walichokitumia wote wawili kilichongwa na mashehe na masharifu wa pwani, waliosimulia kwacho habari za Mtume na maswahaba karne kadhaa kabla yao. Mkristo wa bara alipotaka kuifikisha Injili moyoni mwa Mswahili, alipanda jahazi la Waislamu. Hakuna aliyemwambia ashuke.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, naye akaitwa Mtumishi wa Mungu. Tangu hapo sala ya mtu mmoja imekuwa sala ya wengi. Walei, wengi wao akina mama na wazee, huisali sala ya kumwombea heri hiyo. Na Namugongo, nchini Uganda, mahujaji wa nchi mbili wamekuwa wakikutana tarehe 1 Juni, siku mbili kabla ya sikukuu ya Mashahidi, kwa nia hiyohiyo. Mama Maria mwenyewe amekuwa akifunga safari hiyo pamoja nao. Mjane anayemwombea mumewe ni jambo la kila kijiji; taifa kumfuata mjane katika sala yake si jambo la kila siku.

Wapo wanaotia shaka, na shaka yao ina haki ya kusikilizwa. Huyu ndiye aliyetawala chini ya sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Katika utawala wake watu walihamishiwa vijijini kwa nguvu, na Sheria ya Elimu ya 1969 ikazitia mikononi mwa serikali hata shule za Kanisa lake, Pugu alikofundisha ikiwa mojawapo. Je, sala inafuta hayo?

Haifuti. Kanisa lenyewe linajua, ndiyo maana huchunguza maisha kwanza, kisha hungoja muujiza, wala halina haraka. Lakini anayesali kila siku hasali kwa kuwa ametakata. Husali kwa kuwa anajua kesho tena atakata shauri litakaloumiza mtu. Wanaomwombea Nyerere wakilisahau hilo watabaki na sanamu. Wakilikumbuka, watakuwa wamerithi kwa baba yao kitu kisichohitaji hati ya Roma: desturi ya kuamka mapema na kujihesabu mbele ya Mungu kabla ya kuwahesabu wengine. Urithi huo hata Mwislamu wa Kariakoo, aliyekwisha kuswali alfajiri, anaujua.