Joto la Zinga na Sekunde za Kompyuta

Zamani kupima kasi ya programu kwetu kulikuwa hesabu ya kutoa: chukua saa ya kumaliza, ondoa saa ya kuanza. Katika Python, time.time() ilitutosha. Toleo jipya likipunguza sekunde mbili, limeshinda, tunaendelea na mengine.

Nilipohamia Zinga, Bagamoyo, hesabu hiyo ilianza kunigomea. Nilipanga nyumba ya bati upande wa Mbegani, na programu niliyokuwa nayo ilichambua rekodi za mauzo ya samaki. Alfajiri ilikimbia. Saa nane mchana msimbo ule ule, bila herufi moja kubadilika, ulijikokota. Feni ya laptopu inalia, prosesa imepata moto, nayo inajipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Umeme ukikatika, mashine inahamia betri na kuanza kubana matumizi. Sasa hapo napima programu au napima joto la Februari?

Mwaka 2009 mtafiti Todd Mytkowicz na wenzake walionyesha kwamba hata mpangilio wa mafaili wakati wa kuunganisha programu unaweza kugeuza matokeo. Nilipoisoma makala yao sikushtuka sana. Bati lilikuwa limeshanitayarisha.

Kilichobadilika kwanza ni saa. Ile ya mfumo huweza kurudishwa nyuma inaporekebishwa kupitia mtandao, katikati ya kipimo chako. Python 3.3, mwaka 2012, ilileta saa ya perf_counter, ambayo hairudi nyuma. Lakini kilichonifaa zaidi ni kuacha kupima toleo la kwanza lote, kisha la pili lote. Nayapishanisha, la zamani, jipya, la zamani, jipya, ili joto likipanda liyapate yote mawili. Kisha natazama mtawanyiko wa namba. Tofauti ikiwa ndogo kuliko mtawanyiko huo, sitangazi mshindi, hata bosi akinuna.

Kompaila nayo ina ujanja wake: ikiona jibu la hesabu halitumiki popote, huifuta hesabu nzima, ukabaki unapima hewa. Katika lugha ya Go, toleo la 1.24 la mwaka 2025 lilileta b.Loop, njia ya kurudiarudia kipimo ambayo huzuia hilo. Lilichelewa, kwa maoni yangu.

Siku hizi vipimo vizito navipeleka kwenye seva ya kukodi. Huko hakuna bati, ila kuna wapangaji wenzangu nisiowaona, wanaokula prosesa ile ile. Kwa hiyo bado napishanisha.