Waifai imetoweka, na darsa ni baada ya Isha

Sisi wa visiwani tulioolewa Mpanda, darsa ya tajwidi na ustadhati wetu aliyeko Unguja ndiyo inayotuliwaza, na hupita kwenye laptopu moja. Juzi Windows ikajisasisha, waifai ikatoweka. Simu zote zilishika mtandao, laptopu tu haikuona kitu. Fundi mmoja akasema kadi imekufa, tununue nyingine. Haraka ya nini? Kadi ilikuwa nzima jana yake. Tulishuku draiva mpya.

Kama simu ina bando, iunganishe na laptopu kwa waya na uwashe intaneti ya USB, upate mtandao wa dharura. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, ingia Device Manager, kisha Network adapters, ufungue Properties za kadi ya waifai. Kwenye Driver, chagua Roll Back Driver, irudi ile ya zamani. Kikiwa kimefifia, chagua Uninstall device, usitie tiki ya kufuta draiva, kisha uwashe laptopu upya.

Yetu ilirudi kwa Roll Back. Masasisho tumeyasitisha kwa muda, maana yangeileta tena ile ile. Usiku tukasoma Suratul-Mulk, na bibi harusi wetu mgeni, wiki ya pili tu huku, akasahihishwa qalqala mara tatu huku akicheka.