Madoa juu ya majani ya mboga

Watoto, jani la mboga husema, lakini husema na mtu anayeligeuza.

Mwaka mmoja lengalenga zetu katika Kivu zilipata madoa ya manjano. Chini ya majani kulikuwa vipele vyeupe, kama matone ya maziwa yaliyokauka. Watu wakanong'ona: «Ni yule bibi jirani, ameloga bustani.» Yule bibi akaacha kupita njia yetu.

Mama hakubishana. Alipasua kipele kimoja kwa ukucha. Ukatoka unga mweupe. Akasema: «Huu ni ukungu. Unga huu ndio mbegu zake. Upepo na matone ya mvua huupeleka toka jani mpaka jani.» Kisha akaenda katika bustani za wale wanong'onaji, akageuza majani yao. Yalikuwa na vipele vile vile. Akauliza: «Na ninyi, nani amewaloga?» Wakanyamaza. Tuling'oa miche yenye ugonjwa, tukaichoma. Mingine tukaiachia nafasi, upepo upite.

Tangu siku ile, nikiona doa nisilolijua, nauliza maneno matatu.

La kwanza: liko upande gani? Naligeuza jani.

La pili: linafutika? Kutu ya maharagi huacha unga wa kahawia kidoleni. Lakini mabaka ya manjano ya muhogo, yenye kukunja majani, hayafutiki. Virusi vimo ndani ya mti wenyewe. Mwaka 1894 Mjerumani Warburg aliandika juu ya ugonjwa huo katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Wadudu weupe wadogo sana huueneza, na sisi pia, tukipanda vijiti vya shina lenye ugonjwa. Basi chagueni vijiti vya mihogo yenye majani mazima. Pasipo hivyo mizizi itakuwa midogo, na njaa itaingia nyumbani.

La tatu: lina uhai? Punje za manjano zilizopangwa pamoja chini ya jani ni mayai. Ngoja siku chache. Wakitoka wadudu wanaokula chawa wa mimea, waache, ni rafiki zako. Wakila jani, waokote.

Kesho, kabla ya kumwagilia bustani ya shule, kila mmoja ageuze majani kumi. Atazame, aguse, ndipo aseme.