Motokaa Isiyo na Paa Katika Mji wa Shaba

Mgeni wa Lubumbashi hakosi kuiona dohani ndefu ya kiwanda cha zamani, na karibu yake kilima cheusi. Kilima hicho si kazi ya maumbile. Ni taka za shaba iliyoyeyushwa pale miaka na miaka. Mji ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli ya kutoka kusini ilipowasili, ukaitwa Elisabethville kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Jina la Lubumbashi, ambalo ni jina la mto wake, ulipewa mwaka 1966.

Lakini sisi hatukwenda kutazama dohani. Tulikuwa tumealikwa Katuba, kwa fundi mmoja mzee ambaye karakana yake ni kivuli cha mwembe na bati sita. Ilikuwa mwezi wa Oktoba, mijakaranda imechanua, na kila mtu alikuwa akitazama mbingu akingoja mvua ya kwanza.

Chini ya mwembe ilisimama motokaa ndogo nyekundu, ya viti viwili, isiyo na paa ila hema ya turubai. Ni Triumph TR3A, aina iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, toka mwaka 1957 hata 1962; zilitoka zaidi ya 58,000. Milango yake imekatwa chini mno, hata aliyeketi ndani aweza kunyosha mkono akagusa ardhi. (Mtu mwenye kanzu ndefu na ajihadhari.) Marehemu mwenye nyumba aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Alipofariki iliachwa chini ya turubai, kuku wakataga mayai kitini.

Wanawe walitaka kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, nao walikwisha pokea arubuni. Hatuwalaumu, karo za watoto hazingoji. Ila mjane, mama yao, alimwendea fundi akamwomba ajaribu. Wana wakakubali kwa sharti moja: isipotembea kabla ya mvua ya kwanza, itapakiwa juu ya lori.

Sasa tueleze jambo ambalo wanafunzi watalipenda. Motokaa hii ya kukimbia ina undugu na jembe. Injini yake, yenye silinda nne na ukubwa wa sentimita za ujazo 1,991, ni ya ukoo mmoja na ile iliyotiwa katika matrekta ya Ferguson, ambayo yamelima mashamba ya misheni nyingi katika Afrika. Silinda zake hazikuchongwa moja kwa moja katika chuma kikubwa cha injini. Kila moja ni mrija wa chuma uliosimamishwa ndani, na maji ya kupoza huuzunguka mrija huo pande zote. Mafundi huuita silivu. Ukichakaa, huchomolewa ukatiwa mwingine, wala hakuna haja ya mashine kubwa ya kuchonga. Kwa hiyo injini hii inafaa sana mahali penye mafundi hodari na mitambo michache.

Lakini ina siri moja. Chini ya mirija hukaa gasketi mbili nyembamba, kila moja ina umbo la tarakimu 8 na hubeba mirija miwili. Hizo ndizo ukuta kati ya maji na mafuta. Tena mirija lazima ichomoze juu kidogo, yapata sehemu ya kumi ya milimita, ili ibanwe sawasawa kichwa cha injini kinapofungwa.

Siku ya tatu ya kukaa kwetu injini iliwaka. Watoto wa mtaa walishangilia, mama akapiga vigelegele. Jioni fundi alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakitazama, akanyamaza. Mafuta yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa: maji yalikuwa yameingia.

Usiku ule mawingu yalikusanyika upande wa Kipushi. Tulikuwa tumeketi barazani, akaja mwanagenzi, kijana wa miaka kumi na sita, akasimama mbele ya fundi mikono nyuma.

“Papa, gasketi moja ya chini niliirudisha ya zamani. Mpya ilipinda mikononi mwangu, nikaogopa kusema.”

Fundi hakumjibu kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Leta taa, mwanangu.”

Wakafungua injini yote tena. Gasketi nyingine haikupatikana mjini, basi wakaikata kwa bamba la shaba, kwa maana shaba hulainika ikitiwa moto na hukubali kubanwa. Kijana ndiye aliyeikata. Aliharibu tatu. Ya nne fundi aliipima unene mara nyingi, kisha akaiweka mahali pake bila neno. Sisi tulishika taa, na kusema kweli hatukuwa na faida nyingine.

Jumapili, baada ya Misa, mjane aliketi katika kiti cha kushoto? La! Usukani uko kushoto, kama ipasavyo Kongo. Aliketi kulia, kitambaa kimefungwa kichwani, wakapita polepole mbele ya Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, lile la matofali. Mwana mkubwa alisimama ukingoni mwa barabara akitazama. Kesho yake alirudisha arubuni.

Nasi tulipata zamu yetu, katika barabara ya Likasi. Hakuna kioo cha ubavuni: upepo unakupiga masikioni, unasikia harufu ya makaa na ya majani makavu, na wenye baiskeli waliobeba magunia ya makaa wanakusalimu karibu kama mtembea kwa miguu. Nyuma yetu radi ilianza kunguruma. Tuliigeuza motokaa mbio, tukafika Katuba tumelowa mabega, maana tulishindwa kabisa kuifunga ile hema.

Kijana alikuwa akingoja mvuani. Hakutupa hata pole. Alifunua boneti, akachomoa kijiti, akakipangusa, akakichovya tena, kisha akakipeleka mbio kwa fundi. Mafuta yalikuwa safi.