Herufi Yenye Haraka

Msomaji afunguapo gazeti lake hutafuta habari, wala haitazami herufi. Ndivyo ipasavyo, maana mwenye kiu haulizi ni nani aliyeufinyanga mtungi. Hata hivyo, ipo herufi moja isiyokubali kukaa kimya. Ni ile nene, iliyobanwa mbavu, isiyo na vikia kwenye ncha zake, tena iliyoinamia kulia mithili ya mkimbiaji akaribiaye utepe.

Sisi tuandikao vichwa vya habari twaijua vyema. Lugha yetu ya Kiswahili hukusanya mtenda, wakati na tendo katika neno moja. Neno kama "wanaoshughulikia" lina herufi 16, na safu ya gazeti haitanuki kwa kuombwa. Herufi pana hulikata neno hilo vipande viwili. Iliyobanwa huliingiza zima, na unene wake hulifanya lisomeke hata na mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara. Kuinama kwake huongeza dalili ya mwendo. Ndiyo sababu hupendwa katika kurasa za michezo, katika matangazo ya bei na katika maonyo.

Sehemu za umbo hilo hazikuzaliwa pamoja. Herufi za mlazo zilianza kupigwa chapa mjini Venice kati ya mwaka 1500 na 1501, katika kiwanda cha Aldus Manutius, zikiiga mwandiko wa kalamu. Zisizo na vikia zilijitokeza London mwaka 1816, katika vielelezo vya William Caslon wa Nne, nazo zilikuwa herufi kubwa tupu. Mwaka 1957 Mswisi Adrian Frutiger alitoa ukoo wa herufi uitwao Univers, kwa kiwanda cha Deberny & Peignot cha Paris. Ndugu 21 wa ukoo huo walitambulishwa kwa namba badala ya majina. Namba 68 ndiyo tunayoizungumzia: 6 yaeleza unene, na 8 yaeleza kwamba imebanwa na kulazwa.

Kuichora si kazi nyepesi. Unene hula nafasi iliyo ndani ya herufi, na kubanwa nako huila nafasi ile ile. Ukiilaza tu bila kuirekebisha, duara la "o" huvimba pembe mbili na kukonda nyingine mbili. Mchoraji hodari hupunguza wino pale mistari inapokutana, na huzilinda tundu ndogo za "a" na "e" zisizibe.

Tundu hizo ndogo zina uzito mkubwa kuliko tudhanivyo. Mwaka jana mama yangu alikuwa akimuuguza mjukuu wake. Akaitwaa karatasi ya maelekezo iliyokuwa ndani ya boksi la dawa, akaisogeza dirishani, kisha akaniita.

"Mwanangu, hapa wameandika kila baada ya saa 6 au saa 8?"

Karatasi nzima, tangu juu hata chini, ilikuwa katika herufi hiyo nene iliyobanwa na kuinama, tena ndogo. Tundu za tarakimu zilikuwa zimejaa wino. Mimi mwenye macho ya ujana nami nilisita. Mama akasema, "Basi hatumpi kwa kubahatisha." Tulirudi dukani, na muuza dawa akaandika juu ya boksi kwa kalamu, kwa tarakimu pana zilizosimama wima: 8. Mtoto akanywa dawa yake kwa saa zake.

Bila shaka aliyeipanga karatasi ile alikusudia mema. Alitaka kila neno lionekane muhimu. Lakini penye kelele tupu hakuna asikiaye wito. Herufi hii ni king'ora, na king'ora hulia kwa shida maalumu kisha hunyamaza.

Ndugu msomaji, huenda kesho ukatakiwa kuandaa tangazo la kazini, barua ya shule au mwaliko wa harusi. Kompyuta itakupa herufi hii kwa kubonyeza mara moja. Itumie kwa maneno matatu au manne ya juu, kisha maelezo uyaweke katika herufi zilizosimama na zenye nafasi ya kupumua. Na tarakimu ambayo mtu ataitegemea, mpe kwanza aliye mzee kuliko wote nyumbani aisome.