Mialoni na Mipaka ya Majina

Kila mwanafunzi wa elimu ya viumbe hufundishwa mapema kwamba spishi moja ni kundi la viumbe wawezao kuzaana na kupata wana wasio tasa. Kauli hii, ambayo Ernst Mayr aliipa nguvu kubwa mwaka 1942, ni nyepesi kukariri. Twaiandika katika mtihani, twapata alama zetu, nasi twaenda zetu. Lakini iko miti isiyoitii kauli hiyo, nayo ni mialoni.

Mwaloni twaujua kwa jina kuliko kwa sura. Wasomaji wa Biblia wamekutana nao Mamre, Ibrahimu alipopiga hema yake, na tena katika habari za Absalomu aliyenaswa matawini. Katika Afrika mialoni ya asili huota kaskazini tu, katika nchi kama Moroko na Algeria. Ni kweli kwamba mgrivea wa mashamba yetu ya kahawa na chai huitwa kwa Kiingereza mwaloni wa hariri, na kwamba mti mmoja wa mbao wa upande wa Mlima Kenya huitwa mwaloni wa Meru. Lakini miti hiyo yote miwili si mialoni. Mbao zao zilifananishwa na za mwaloni, basi jina likahamishwa.

Katika misitu ya Ulaya, tangu Uingereza hata nchi za mashariki, iko mialoni miwili iliyo maarufu kuliko yote. Wa kwanza wataalamu huuita Quercus robur, na wa pili Quercus petraea. Tunda la robur huning'inia kwa kikonyo kirefu, na jani lake karibu halina kikonyo. Kwa petraea mambo ni kinyume: jani lina kikonyo, tunda limekaa juu ya tawi lenyewe. Robur hustahimili udongo mzito wa bondeni wenye maji mengi. Petraea hupenda miteremko mikavu yenye udongo hafifu. Ukitazama mfano ulio safi, hutakosea. Shida ni kwamba msituni hupatikana pia miti yenye kikonyo cha kadiri hapa na kadiri pale, wala mtu hajui aiweke upande gani.

Linnaeus, alipoandika majina ya mimea mwaka 1753, alitumia jina moja tu la robur. Wenzake wakaligawa kabla karne ile haijaisha. Mwaka 1859 Charles Darwin aliandika kwamba nchini Uingereza wakuu wa elimu ya mimea waweza kutajwa pande zote mbili: wasemao hizo ni spishi mbili, na wasemao ni tofauti ndogo za mti mmoja. Nadhani Darwin alifurahi kuliandika jambo hilo, maana lilimfaa sana katika hoja yake.

Chavua ya mwaloni huchukuliwa na upepo, na upepo haubagui. Miti hii miwili huoana, na watoto wao huzaa. Ushahidi wa ajabu ulitoka katika vile vijichembe vya kijani vilivyomo ndani ya majani. Vijichembe hivyo vina DNA yao wenyewe, na katika mialoni hurithiwa kwa mama tu, kwa njia ya tunda. Mwaka 2002 Rémy Petit na wenzake walitangaza matokeo ya kuchunguza misitu zaidi ya 2,000 ya Ulaya. Alama za urithi huo wa mama hazikufuata jina la mti, zilifuata mahali. Robur na petraea wa msitu mmoja aghalabu walikuwa na alama moja, ilhali robur wa Hispania alitofautiana na robur wa nchi za Balkani.

Sababu yake ni safari ndefu. Yapata miaka 20,000 iliyopita, baridi kali iliisukuma mialoni hata Hispania, Italia na Balkani. Joto liliporejea, mialoni ikapanda tena kaskazini, ikisaidiwa na ndege aitwaye kwa Kilatini Garrulus, ambaye hufukia matunda ardhini na mengine huyaacha yakaota. Wataalamu wamesema kwamba robur alitangulia, kisha chavua ya petraea ikamfuata kwa upepo. Mtoto akaolewa tena na upande wa baba, na mjukuu vivyo hivyo, mpaka ukatokea mti wenye sura yote ya petraea, lakini kijani chake ni cha bibi yake robur.

Kwa nini basi mialoni hii haijawa mmoja? Mwaka 2018 wanasayansi, wengi wao wa Ufaransa, walitangaza mpangilio wa jeni zote za robur, zipatazo karibu 26,000. Sehemu kubwa ya urithi wa miti hii miwili hufanana. Tofauti imejikusanya katika sehemu chache. Mche chotara ukiota penye maji yaliyotuama, hushindwa na robur. Ukiota penye ukavu, hushindwa na petraea. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo maana ya spishi katika mialoni: kuzaana hakukukoma, bali ardhi huchagua kila kizazi.

Haya si mabishano ya vitabuni tu. Orodha ya mialoni iliyo hatarini, iliyotolewa mwaka 2020, ilihesabu spishi 430 duniani, na kukadiria kwamba asilimia 31 zimo katika hatari ya kutoweka. Mti usio na jina lake hauingii katika hesabu hiyo, wala haulindwi. Tena tunda la mwaloni likikauka hufa. Haliwezi kuwekwa ghalani miaka mingi kama mahindi au maharagwe. Mwenye kutaka kuihifadhi mialoni hana budi kuihifadhi ikiwa hai, imesimama ardhini, kwa matunda yaliyookotwa chini ya miti mingi ya misitu mingi. Na kila aokotapo, huinua macho kutazama urefu wa kikonyo.