Mti wa Asha

Mwaka 2009 Wanuri Kahiu, mzaliwa wa Nairobi, alitoa filamu fupi iitwayo Pumzi. Mwongozaji huyo alikwisha kuonyesha msiba wa bomu la Nairobi la mwaka 1998 katika From a Whisper. Tena mwaka 2018 Rafiki yake ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuingia katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Lakini mimi, nifunzaye walimu hapa Kwale, huirudia Pumzi kuliko hizo.

Ndani yake vita vya maji vimepita na nchi imekufa. Watu wamejifungia katika jumba moja, wakisafisha jasho na mkojo wao wapate kunywa. Binti mmoja, Asha, aliotesha mbegu, akatoroka, akaupanda mche jangwani, akaunywesha maji yake ya mwisho, kisha akautilia kivuli kwa mwili wake mpaka akafa.

Kisa hiki si cha mbali. Kinango, kiangazi kikizidi, mama huenda mwendo mrefu kwa dumu moja la maji. Lakini Gazi, karibu na Msambweni, wanakijiji hupanda na kulinda mikoko. Kwa mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, huuza hati za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo, wakapata fedha za maji na za shule.

Asha alikuwa peke yake kwa kuwa wenziwe walichelewa. Mti upandwao mapema hudai jasho; ucheleweshwao hudai roho. Wewe, kijana, ungali katika saa ya jasho.